Wali wa Nazi: Tui Jepesi Hupika, Tui Zito Hukoleza



Wazee husema: Mchele mmoja, mapishi mbalimbali. Maneno hayo tuliyaona kwa macho yetu mwezi wa Julai mwaka 2023, katika kijiji kimoja cha Wilaya ya Mkuranga, Mkoa wa Pwani. Wanakisomo wa kijiji hicho walikuwa wanamaliza mwaka wao wa masomo. Walichanga fedha, wakanunua mchele na nazi, wakawaalika jamaa zao waje kula wali wa nazi.

Vikundi vitatu vilipika. Mchele ulitoka katika gunia moja. Nazi zilitoka katika shamba moja. Kuni zilitoka katika mzigo mmoja. Lakini sufuria tatu zilipofunuliwa, tuliona mambo matatu.

Sufuria ya kwanza ilikuwa na wali mzuri. Ulikuwa mweupe, unang'aa, punje zimeachana, na harufu yake ilifika barabarani. Sufuria ya pili ilikuwa na wali uliovurugika kama bokoboko. Sufuria ya tatu ndiyo iliyotisha. Chini wali ulikuwa umeungua, na juu ulikuwa mbichi. Ukitafuna, punje zinalia kwenye meno kama mchanga.

Wageni walikuwa wameshakaa mikekani. Ikabidi sahani zipunguzwe. Watu waliotoa fedha zao wakala kidogo, na kuku wakala vingi. Mama aliyesimamia sufuria ya tatu aliona haya, akaenda kukaa nyuma ya darasa. Tulipomfuata alituambia, "Mimi napika wali tangu usichana wangu. Leo nimelogwa."

Je, ni kweli mama huyu alilogwa? Hapana. Kila wali unaoharibika una sababu yake. Na mtu akishaijua sababu, hapotezi tena mchele wala nazi. Katika makala hii tutaeleza sababu hizo, halafu tutaeleza hatua kwa hatua jinsi ya kupika wali wa nazi. Mwisho tutaeleza hatari ya kiporo chake, maana siku ile mambo hayakuishia kwenye sufuria.

Mikono inayojua

Sufuria ya kwanza ilipikwa na bibi mmoja mwenye miaka zaidi ya 60. Alianza kusoma na kuandika uzeeni, lakini kupika alijua tangu utoto. Tulimwendea tukamwamkia.

"Shikamoo, Bibi. Hebu tuambie, unapima vipi?"

"Marahaba, wanangu. Sipimi. Mkono wangu unajua."

Kwa kweli Bibi alikuwa anapima. Alipima kwa kidole, kwa jicho na kwa pua. Shida ni kwamba kipimo hicho hakiwezi kutoka kwake kwenda kwa mtu mwingine. Basi tukamwomba apike tena wiki iliyofuata mbele ya darasa. Kila alichotaka kumimina, tulikipima kwanza kwa kikombe. Yeye alipika, sisi tukaandika ubaoni, na wanakisomo wakanakili katika madaftari yao.

Bibi alituambia neno moja ambalo ndilo msingi wa kazi yote. Alisema, "Tui jepesi ni la kupikia. Tui zito ni la kukoleza. Ukilikosea hilo, hata uwe na nazi kumi, huli wali."

Kwa nini tui zito haliivishi mchele?

Tui ni nini? Tui ni maji, mafuta ya nazi na protini kidogo, vyote vimechanganyika. Mafuta yamo ndani ya maji kwa vitone vidogo sana, visivyoonekana kwa macho. Ndiyo maana tui ni jeupe. Ukiliacha bakulini kwa muda, vitone vya mafuta hupanda juu na maji hubaki chini. Wengi wetu tumeliona jambo hilo.

Sasa fikiri juu ya punje ya mchele. Punje ni ngumu kwa sababu ina wanga mkavu. Ili iive inahitaji vitu viwili: moto na maji. Maji ya moto huingia ndani ya punje, wanga huyanywa, punje ikavimba na kulainika. Mafuta hayawezi kufanya kazi hiyo. Kazi yake ni kutia ladha, harufu na ulaini.

Kikundi cha tatu walianza na tui zito. Walidhani wali utakuwa na mafuta zaidi. Lakini tui zito lina maji machache. Punje zilikosa maji ya kunywa, zikabaki mbichi. Chini ya sufuria, tui lile zito lilishika na kuungua kwa sababu moto ulikuwa mkali. Ndiyo sababu wali uliungua chini na kubaki mbichi juu. Hapana uchawi hapo.

Na kikundi cha pili je? Wao walichanganya tui zito, tui jepesi na maji, wakamimina kwa kukadiria. Vimiminika vikazidi. Kisha walikuwa wanafunua na kukoroga kila mara. Punje iliyoanza kulainika ukiikoroga huvunjika, wanga hutoka nje, na wali wote unakuwa uji.

Vitu vinavyohitajika

Vipimo hivi vinatosha watu wazima 6 hadi 8. Kikombe tunachosema hapa ni kile kinachojaa maji robo lita. Vikombe 4 ni lita 1.

Mchele kilo 1, yaani karibu vikombe 5.
Nazi 2 za wastani, zilizokomaa.
Chumvi kijiko 1 na nusu cha chai.
Maji safi ya uvuguvugu, kama lita 2.

Vyombo ni mbuzi ya kukunia nazi, kifumbu au kichujio, bakuli mbili, sufuria yenye mfuniko, na mwiko. Kifumbu ni kile kifuko cha ukindu kinachotumika kukamulia tui. Wasomaji wa bara wasio na kifumbu watumie kitambaa cheupe kisafi au chujio la chai lenye matundu madogo.

Kuchagua nazi

Usitumie dafu wala koroma. Dafu lina maji mengi na nyama laini, halina mafuta ya kutosha. Chukua nazi kavu. Itikise karibu na sikio. Ukisikia maji yanacheza ndani, ni nzuri. Isiposikika kitu, huenda ina ufa na imeoza. Angalia pia macho yake matatu. Yakiwa na unyevu au ukungu, iache. Nazi iliyoanza kuota ndani ina joya, ambalo watoto hulipenda, lakini nyama yake haina tena mafuta mengi.

Vunja kila nazi peke yake. Kinga maji yake bakulini, kisha nusa na onja nyama kidogo. Ikiwa chungu au inateleza, tupa. Wazee wametuonya kwamba nazi mbovu harabu ya nzima. Kipande kimoja kilichooza kitaharibu tui la nazi zote mbili.

Hatua za kupika

1. Chambua mchele, utoe mawe na chenga. Upete kwenye ungo. Uoshe kwa maji safi mara 2 au 3, kisha uuache uchuje maji.

2. Kuna nazi. Usifike kwenye ngozi ya kahawia iliyoshika kifuu, maana ngozi hiyo hulitia tui weusi.

3. Kamua tui la kwanza. Tia vikombe 2 vya maji ya uvuguvugu kwenye nazi iliyokunwa. Ifinyange kwa mikono iliyonawiwa kwa sabuni, kisha kamua kwa nguvu. Utapata karibu vikombe 2 vya tui zito. Liweke peke yake, ulifunike.

Kwa nini maji yawe ya uvuguvugu? Kwa sababu mafuta ya nazi huganda yakipoa chini ya nyuzi 24 hivi. Mnaoishi pwani mmeona, asubuhi za kipupwe mafuta ya nazi huwa meupe na magumu ndani ya chupa. Maji ya baridi huacha mafuta mengi kwenye machicha, ambayo ni yale makapi ya nazi. Maji ya uvuguvugu huyalegeza yakatoka.

4. Kamua tui la pili na la tatu. Tia tena maji ya uvuguvugu kwenye machicha yaleyale, vikombe 3, ukamue. Rudia mara nyingine kwa vikombe 3. Changanya matui hayo mawili. Sasa pima. Unataka vikombe 6 kamili vya tui jepesi. Likipungua, ongeza maji. Likizidi, punguza. Kumbuka: pima tui lililotoka, usitegemee maji uliyotia.

Ikiwa mchele ni mpya, wa mavuno ya karibuni, tumia vikombe 5 na nusu. Mchele mpya bado una unyevu ndani yake. Mchele wa zamani umekauka na hunywa zaidi.

5. Chemsha tui jepesi. Litie kwenye sufuria pamoja na chumvi. Koroga polepole mpaka lianze kuchemka. Ukiliacha lichemke kwa nguvu bila kukoroga, tui hukatika, yaani mafuta hujitenga na maji.

6. Tia mchele. Koroga mara moja tu ili usishike chini. Funika. Moto uwe wa wastani. Acha kwa dakika 10 hadi 12. Utaona tui limeshuka likalingana na mchele, na vishimo vidogo vinatokea juu. Punje moja ukiivunja kwa kidole inavunjika, ila katikati bado ina ugumu kidogo. Hapo mchele umeshakunywa maji yake.

7. Sasa lete tui zito. Punguza moto kwanza. Mimina tui zito juu ya wali wote, kuanzia kando mpaka katikati. Ingiza mwiko pembeni mwa sufuria, ugeuze wali wa chini uje juu. Fanya hivyo mara moja, kwa upole. Usiponde wala usikoroge tena.

8. Palia makaa. Funika kwa mfuniko usio na tundu. Toa kuni, acha makaa machache chini. Weka makaa mengine juu ya mfuniko. Wali utapata joto la chini na la juu, hautaungua. Acha kwa dakika 20. Watoto wasikaribie wakati huu, maana makaa ya juu huanguka kwa urahisi.

9. Ondoa makaa ya juu na majivu kabla ya kufunua. Epua. Acha wali utulie dakika 5, kisha upakue.

Ukitaka kupika kilo 2, zidisha kila kipimo mara mbili. Ukitaka nusu kilo, gawanya kila kipimo kwa mbili. Hapa ndipo hesabu za darasani zinapoingia jikoni.

Wali peke yake hautoshi

Mchele na tui ni vyakula vya kutia nguvu. Havitoshi kujenga mwili wala kuulinda. Kwa hiyo ule wali wako pamoja na maharage, choroko, samaki au dagaa, na mboga za majani kama mchicha au kisamvu. Matunda pia yasikosekane. Maharage mabichi au samaki wa kuchoma wanafaa sana kwa wali wa nazi, kwa sababu mafuta ya kutosha yamo tayari kwenye wali.

Machicha usiyatupe. Kuku huyapenda. Vifuu ni kuni nzuri, na vingine huchongwa upawa. Makumbi hulowekwa, yakapondwa na kusokotwa kamba.

Kiporo kinaweza kuleta maradhi

Sasa tuseme lile jambo la pili la siku ile. Wali wa sufuria ya kwanza haukuisha wote. Mama mmoja alibeba uliobaki, akaulaza jikoni ndani ya bakuli iliyofunikwa. Kesho yake mchana akaupasha moto, akawapa watoto wawili. Kabla ya jua kutua, wote wawili walikuwa wanatapika.

Walipofikishwa zahanati, mganga aliuliza swali moja kwanza: "Wamekula nini, na kililala wapi?" Watoto walitibiwa, wakapona. Lakini mama yao alishangaa. Alisema, "Wali niliufunika, nzi hakuingia. Tena niliupasha mpaka ukatoa moshi. Kosa langu ni nini?"

Kosa si uchafu wake. Mchele, hata uwe safi namna gani, unaweza kuwa na vijidudu vitokavyo kwenye udongo wa shamba. Vijidudu hivyo vina mbegu ngumu kama za mimea. Mbegu hizo hazifi wali unapochemka. Zinalala tu. Wali ukipoa ukabaki na uvuguvugu, zinaamka, zinazaana haraka, na kutoa sumu. Sumu hiyo haina rangi. Mara nyingi haina hata harufu. Na jambo kubwa la kukumbuka ni hili: kupasha moto hakuondoi sumu hiyo. Mtu aliyekula huanza kutapika baada ya saa 1 hadi saa 6. Wengine hupatwa na tumbo la kuendesha baadaye.

Hatari hii imo katika wali wa aina yote, si wa nazi tu. Lakini wali wa nazi una tui, na tui nalo huchacha upesi. Kwa hiyo tufanye nini?

Kwanza, pima mchele unaowatosha watu wako. Afadhali kila mtu apate kiasi chake na sufuria iishe.

Pili, kama kuna mtu atakayechelewa, muachie wali wake juu ya makaa, uwe wa moto kabisa, unatoa mvuke. Usiwe wa uvuguvugu. Uvuguvugu ndio wanaoupenda vijidudu.

Tatu, wali ulioepuliwa na kuachwa upoe usikae zaidi ya saa 2. Hicho ndicho kipimo kinachotolewa na Shirika la Afya Duniani kwa chakula kilichopikwa. Wenye jokofu wautandaze kwenye sinia upoe haraka, kisha wauweke ndani ya muda huo.

Nne, wali uliolala nje usiku kucha usiliwe, hata kama haunuki. Tunajua maneno haya ni mazito. Wengi wetu tumekua tukila kiporo na chai asubuhi. Lakini mtu kuvuka barabara mara mia bila kugongwa si ushahidi kwamba magari hayauwi.

Tano, tui bichi lisilale. Likamue wakati sufuria iko tayari.

Mtu akianza kutapika au kuharisha, mpe maji ya dawa ya chumvi na sukari yanayotolewa zahanati, kidogo kidogo, mara kwa mara. Mtoto mdogo, au mtu anayezidi kulegea, apelekwe kituo cha afya bila kungoja.

Yaandike

Wali si chakula kigeni pwani yetu. Mwaka 1331 msafiri Ibn Battuta kutoka Moroko alifika Mogadishu, akaandalia wali uliopikwa kwa samli. Kisha akaendelea na safari mpaka Mombasa na Kilwa. Tunajua alichokula kwa sababu moja tu. Kiliandikwa. Wapishi wa siku zile walikuwa na mikono inayojua kama Bibi, lakini vipimo vyao vimekwenda nao kaburini.

Wewe leo unaweza kuandika. Nenda kwa mama, shangazi au bibi anayesifiwa kwa upishi. Chukua daftari na kikombe. Mwombe apike, nawe upime na uandike. Hata kama si wali wa nazi, pengine ni kisamvu, ni futari, au ni mkate wa kumimina.

Na yule mama wa sufuria ya tatu? Mwezi uliofuata aliomba apike yeye, peke yake. Daftari lake aliliegemeza kwenye figa la mbali na moto. Alipofika hatua ya 7 alisimama, akasoma kwa sauti, kidole kikifuata maneno: "Punguza moto kwanza." Akapunguza. Siku hiyo wali ulikwisha wote, na ukoko ukagombaniwa. Hakuna aliyebeba kiporo.

Maswali ya kujadiliana

1. Kwa nini tui zito litiwe mwishoni, lisitiwe mwanzoni?
2. Nyumbani kwako mnapika kilo ngapi za mchele, na wanakula watu wangapi? Je, hubaki?
3. Ukipika mchele kilo 3, utahitaji nazi ngapi? Tui jepesi vikombe vingapi?
4. Jirani yako anasema, "Kiporo ukikipasha moto sana hakina neno." Utamjibu nini?